Kikapu Hakikuwa Kizito

Asubuhi katika chai, sisi wote tunalia miguuni. Ndivyo anavyosema Cucu Igoki, bibi mzee kuliko sisi wote shambani. Umande wa kwetu Kibugu unashuka kutoka msituni na kulala juu ya majani, na ukiingia katikati ya mistari unalowa mpaka kiunoni. Tunajifunga karatasi ya nailoni mbele kama aproni, lakini maji yanateremka juu yake na kuingia ndani ya gambuti, viatu vyetu virefu vya mpira. Kwa hiyo kila hatua ina sauti yake, chwa, chwa. Mtu anayechuma karibu nawe huenda usimwone kwa ukungu, lakini miguu yake utaisikia.

Jumatatu hiyo nilimsikia Wanja upande wangu wa kulia. Nilisikia miguu tu. Mdomo wake haukusema kitu, na hilo ndilo lililomfanya Cucu Igoki ainue kichwa.

"Leo Wanja amenyamaza," alisema. "Ruguru, umemwambukiza ugonjwa wako?"

Wanawake wakacheka. Ruguru ni mimi. Nikisimama mbele ya watu koo langu hujifunga, na imekuwa hivyo tangu utotoni. Niliacha shule darasa la sita mama alipougua, na hata nilipokuwa huko, mwalimu akiniuliza swali nilitikisa kichwa kabla hajalimaliza.

"Mwacheni," alisema Karimi, ambaye mistari yake iko juu ya yetu. "Labda mahubiri ya jana yalimwingia."

"Mahubiri yamwingie Wanja? Mchungaji angekuwa bado amelazwa kwa mshtuko," alisema Cucu.

Wanja hakujibu. Siku nyingine angejibu. Huyu ni mwanamke aliyewahi kumwambia karani wa kupima majani kwamba mizani yake imelewa kuliko yeye mwenyewe, na karani akacheka na kumpimia upya. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi, lakini tulichuma kando kwa kando tangu nilipoanza kazi hii, na alinisemea mambo mengi ambayo nilishindwa kuyasema.

Nilijua kwa nini amenyamaza. Katika shamba lile lote nilikuwa najua peke yangu.

Wanja ana watoto watatu, na wa mwisho bado ananyonya. Alikuwa akidungwa sindano ya kupanga uzazi kwenye dispensari, tena kwa siri, maana mume wake Njiru aliambiwa na wenzake wa mjengo kwamba sindano ile inakausha mwanamke. Halafu sindano zikaisha. Alienda akaambiwa hazijaletwa, arudi wiki inayofuata. Akarudi, bado. Akarudi tena, akakuta mlango umefungwa kwa kuwa nesi alikuwa ameenda semina. Njiru hufanya kazi ya mjengo, kujenga nyumba, Embu mjini na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Alikuja kabla ya sindano.

Wanja aliniambia tukiwa tunachuma, bila kunitazama. Vidole vyake havikusimama.

"Nimekosa kuona mwezi."

Nilichuma majani mawili nikabaki nayo mkononi.

"Nakuambia wewe kwa sababu wewe huna mdomo," alisema. "Ningemwambia Cucu, saa hii hata nyani wa msituni wangekuwa wananipa pole."

Nilimuuliza atafanya nini. Akasema atajua. Akasema huyu anayenyonya alimzaa akakaa wiki nyingi bila kuinuka kitandani, na nesi alimwambia apumzishe mwili, na yeye alikubali, na sasa huo mwili haukumngoja. Akasema na chai haimngoji, na shamba lao la nyumbani halitoshi hata mtu kugeuzia gari. Aliyasema hayo yote kwa sauti ndogo kama mtu anayehesabu nguo za kufua.

Jumamosi aliniachia mtoto wake mdogo. Alisema anashuka chini kwenye joto, huko Mbeere, kununua ndengu. Alirudi jioni bila ndengu na akakaa kwenye kiti chetu upande upande. Nilimpa chai. Alikishika kikombe kizima bila kunywa, kisha akaniambia. Kuna mwanamke huko chini anayeuza nguo za mitumba, na nyuma ya duka kuna chumba. Alimlaza juu ya marobota ya nguo. Alitumia kitu cha chuma.

"Alikuwa anaongea na simu wakati ananifanyia," Wanja alisema. "Anaongea habari za ng'ombe."

Nilimwambia aende hospitali.

"Niende niseme nini? Wataita polisi. Ama watamwita Njiru, hiyo ni mbaya zaidi. Damu itakuja kama ya mwezi, halafu itaisha. Ndivyo alisema."

Jumapili alienda kanisani na akaimba. Jumatatu akaja kuchuma.

Labda mtu asiyejua chai atauliza alikuja kufanya nini. Mzee Gachoki, mwenye shamba, ametugawia shamba kwa mistari. Kila mchumaji ana mistari yake, na zamu ikifika ni lazima ichumwe, la sivyo majani yanakomaa na kiwanda kinayakataa. Ukikosa zamu bila sababu, mistari inapewa mtu mwingine, na anayepewa harudishi. Ukisema ni ugonjwa, utaulizwa ni ugonjwa gani. Wanja hakuwa na ugonjwa wa kutaja.

Jua lilitoka, ukungu ukapanda mlimani. Tulifika karibu na mti wa mukima uliosimama katikati ya shamba, pale tunapoweka vikapu wakati wa kupumzika. Umande ulikuwa umekauka zamani. Karatasi yangu ilikuwa kavu, inapiga kelele kama gazeti. Nilikuwa nimevua gambuti zangu na kumwaga maji, na soksi nilizianika kwenye tawi.

Hapo ndipo niliposikia tena. Chwa. Chwa. Miguu ya Wanja ikija kuelekea kwenye mti.

Nilimtazama. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu na juu ya mdomo kulikuwa na jasho. Karatasi yake ilikuwa kavu kama yangu.

"Gambuti zako," nilisema.

"Ni umande."

"Umande umekauka."

Aliangalia chini kama mtu ambaye hakuwa amefikiria hilo. Kisha akaketi kwenye mizizi, polepole. Nilipiga magoti nikamvua gambuti moja. Haikutaka kutoka. Ilipotoka nilimwaga pembeni kwenye majani makavu, na sikuyatazama sana yaliyomwagika. Nyuma ya ile karatasi ya nailoni rinda lake lote lilikuwa limelowa. Kwa mbele, mtu angemwona mchumaji kama wachumaji wengine.

"Usiseme," aliniambia. "Ruguru. Tafadhali."

Mkono wake ulikuwa moto. Hata pumzi yake ilikuwa moto, na kulikuwa na harufu.

Cucu Igoki alikuwa ameshafika, na Karimi nyuma yake, na wengine watatu. Cucu aliona gambuti, akaona ardhi. Alishusha pumzi.

"Pole, mwanangu," alisema. "Ni kikapu."

Kwetu sisi kikapu kinajulikana. Tunakibeba mgongoni kimejaa majani mabichi, kamba imekaza kwenye kipaji cha uso, na kutoka shambani mpaka kituo cha kupimia ni kupanda tu. Wachumaji wanasema kikapu kimetoa mimba nyingi kuliko ugonjwa wowote. Cucu Igoki husema alipoteza mbili hivyo katika ujana wake. Na likitokea, kila mtu anajua la kufanya. Unalazwa, miguu inainuliwa juu, unapikiwa uji wa wimbi ili damu irudi, unapelekwa nyumbani kwako ulale. Wenzako wanachuma mistari yako mpaka upone. Hospitali huendi, kwa sababu wazee wanasema kilichotoka kimetoka. Na hakuna aibu ndani yake. Kikapu ni kazi.

Niliona Wanja akilisikia neno lile. Aliligeukia kama mtu aliyefunguliwa mlango.

"Ni kikapu, Cucu," alisema. "Cha Ijumaa. Kilikuwa kizito."

"Vikapu vya Ijumaa vilikuwa vizito, hata mimi kiuno kiliniuma," alisema Karimi, akampiga Wanja begani kwa upole. Karimi ni mtu wa kanisa na si mtu mbaya.

Wakaanza kufanya kama inavyofanywa. Mmoja aliikunja sweta yake na kuiweka chini ya kichwa cha Wanja. Mwingine aliinamisha kikapu ili aweke miguu juu. Cucu alimtuma wa tatu akakoroge uji nyumbani kwake, huko karibu na barabara. Walikuwa wanaongea kwa sauti za chini, sauti nzuri, na mmoja alisema atamnyonyesha mtoto wa Wanja pamoja na wake mpaka nguvu zirudi. Wanja alikuwa amefumba macho. Alikuwa anatetemeka, nao wakamfunika kwa leso wakisema ni baridi ya kupoteza damu.

Mimi nilisimama na ile gambuti mkononi. Nilijua kwamba wakimpeleka nyumbani atalala pale kitandani na homa ile mpaka aishe, na kila mtu atakuwa amemtendea mema. Nilijua pia kwamba nikisema, hatakuwa na jina tena katika kijiji hiki. Aliniambia mimi kwa sababu sina mdomo.

Kikapu chake kilikuwa pale, kile cha asubuhi hiyo. Sijui kwa nini nilikiinua. Kilikuwa karibu kitupu. Majani hayakufunika hata chini. Tangu alfajiri alikuwa amesimama tu ndani ya chai, akipeleka mikono juu ya majani bila kuchuma.

"Kikapu hakikuwa kizito," nilisema.

Nilisema kwa sauti ndogo, lakini wote waligeuka. Nadhani waligeuka kwa sababu ya sauti yenyewe, hawakuwa wameizoea.

"Anasema cha Ijumaa," Karimi alisema.

"Hata cha Ijumaa." Koo langu lilikuwa linajifunga, nikaongea haraka kabla halijamaliza. "Sio kikapu. Ana homa. Mpelekeni hospitali. Sio kikapu."

Wanja alifumbua macho akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu amwangaliavyo mwizi anayemjua.

Hakuna aliyeuliza ni nini basi. Walielewa. Niliona uelewa ukipita kutoka uso mmoja hadi mwingine, na yule mwanamke aliyetoa sweta akaitazama sweta yake. Karimi alirudi nyuma hatua moja.

"Mimi basi simo," alisema. "Hayo ni mambo ya polisi. Ni mambo ya Mungu na ya polisi."

"Polisi gani?" alisema Cucu Igoki. "Polisi watapanda mlima huu kuja kuchuma chai? Nipe simu."

"Cucu, mimi nasema tu..."

"Umesema. Sasa nipe simu."

Alimpigia Nyamu, anayebeba watu kwa pikipiki. Nyamu alikuja mpaka mwisho wa njia, akamwona Wanja, akaona rinda, akazima injini.

"Aa, hapana. Hiki kiti nilikinunua juzi."

Cucu Igoki alifungua karatasi yake ya nailoni kiunoni, akaipangusa kwa mkono, akaitandika juu ya kiti na kuifunga kwa kamba yake ya kikapu. Alifanya bila haraka, kama anayefunga mzigo.

"Sasa kiti chako kimevaa kuliko wewe," alimwambia. "Nenda. Na ukipita kwenye shimo hata moja nitamwambia mama yako ulichofanya na kuku wa kanisa."

Nyamu aliwasha injini. Tulimkalisha Wanja katikati, mimi nyuma nikimshika. Njia nzima alikuwa ameegemeza kichwa kwenye mgongo wa Nyamu, na mara moja tu alisema kitu. Alisema, "Nilikuambia wewe." Nilimshika zaidi asiteleze.

Hospitali aliyotupeleka Nyamu, kule chini, si kubwa. Nesi aliyetupokea alikuwa mwanamke mnene wa makamo, kifuani ameandikwa Ntinyari, jina la Kimeru. Alikuwa amevaa slipa badala ya viatu. Alimlaza Wanja, akampima, akamwekea maji ya mshipani, na alipokuwa akimuuliza alikuwa tayari anafanya jambo lingine.

"Ilikuwaje, mama?"

"Nilibeba kikapu," Wanja alisema.

"Kikapu." Sista Ntinyari hakuinua macho. "Sawa."

Kisha akanishika mkono akanipeleka nyuma ya pazia, mahali pa ndoo na mifagio.

"Wewe ni dadake?"

"Tunachuma pamoja."

"Basi nisikilize. Mimi si askari na hakuna askari hapa. Mtu anayevuja damu ninamtibu, sheria haijanikataza, nimefanya hivyo miaka mingi na bado niko nje. Lakini ile homa haitoki kwenye kikapu. Daktari akianza kumsafisha bila kujua huko ndani kuna nini, anaweza kumaliza kile mtu mwingine alianza. Kuna kitu kiliingizwa?"

Nilifungua mdomo. Ile sentensi ya shambani ilikuwa imenimaliza nguvu, na hii ilikuwa nzito zaidi. Halafu sikuwa na maneno. Shuleni Kiswahili kilitufundisha kichwa, mkono, tumbo, mguu. Hayo mengine hakikutufundisha. Nikamwambia kwa Kiembu, nikiangalia ndoo. Kimeru na Kiembu vinasikilizana. Alinijibu kwa Kimeru, taratibu, na uso wake haukubadilika popote. Aliuliza ni lini. Aliuliza ni chuma au ni mti. Aliuliza kama kuna dawa alikunywa. Nilimjibu yote. Nilipomaliza niligundua nimeshika ukingo wa pazia mpaka umekunjamana.

"Umefanya vizuri," alisema. "Kaa hapo kwenye benchi. Umekula?"

Nilitikisa kichwa. Aliniletea nusu ya chapati yake.

Daktari, kijana, alimwangalia Wanja kisha akatoka akisema kwa simu kwamba apelekwe Embu kwenye upasuaji, kwamba ndani kumetoboka. Ambulensi ilikuwa imeenda kuchukua mtu mwingine, tukaingoja. Sista Ntinyari aliketi kando yangu, akavua slipa moja na kuusugua mguu.

"Huyu ni wa ngapi mwezi huu sijui," alisema. "Wengine wa shule. Wengine wake za watu unaowaona wakikaa mbele kanisani. Wote walianguka. Wote walibeba kitu kizito. Wanakuja wakati hakuna la kufanya, ama hawaji, tunasikia tu mazishi." Alikunja vidole vya mguu, akavikunjua. "Alikuwa anatumia njia gani ya kupanga?"

"Sindano. Ziliisha kwenye dispensari."

"Ziko sasa. Zililetwa juzi." Alivaa slipa yake. "Angekuja hapa, hata kuongea tu. Kama kuzaa mara ya mwisho kulimwumiza hivyo, daktari angemwangalia. Kuna wakati sheria inaruhusu, mama akiwa hatarini. Lakini nani amemwambia? Hata mimi hapa nasemea ukutani."

Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayefagia mahali palepale kila siku na kila siku vumbi linarudi.

Ambulensi ilifika. Nilienda nayo, na gambuti za Wanja nikiwa nimezitia kwenye mfuko.

Njiru alitufikia Embu akitoka mjengoni, saruji kwenye nyusi. Wanja alikuwa ameshaingizwa ndani. Njiru ni mtu mrefu asiyejua aweke wapi mikono yake. Aliketi mwisho wa benchi, akavua kofia, akaivaa, akaivua.

"Nimeambiwa ni kikapu," alisema. "Cucu Igoki alinipigia."

Kwa hiyo Cucu ndiye aliyempigia, na ndivyo alivyomwambia. Nilitazama sakafu.

"Mimi nilimkataza hiyo chai. Nilimwambia akae nyumbani, nitatafuta. Hasikii." Aliivaa kofia tena. "Mbona hakuniambia ana mimba? Ningefurahi. Si tungelea tu? Mtoto hujileta na sahani yake."

Nilisogeza mfuko wa gambuti chini ya benchi.

"Ruguru, ni kikapu?"

Aliniuliza akinitazama moja kwa moja, na macho yake yalikuwa mekundu, labda kwa saruji. Siku ile nilikuwa nimeshasema mara mbili, na mara zote mbili ilibidi. Nilitafuta kama mara hii pia ilibidi. Ndani ya kile chumba walikuwa wanajua kila walichohitaji kujua.

"Daktari atatuambia," nilisema, kisha nikanyamaza kama kawaida yangu, na Njiru, ambaye anajua mimi ni mtu wa kunyamaza, hakuuliza tena.

Daktari alipotoka alisema mama atapona. Alisema pia kwamba mji wa mimba umeondolewa, haukuweza kuokolewa. Njiru alimshukuru mara nyingi. Kisha akatoka nje, nami nilimwona kupitia dirishani amesimama mbele ya bomba la maji, ameligusa bila kulifungua.

Wanja alikaa hospitali mpaka zamu nyingine ya chai ikafika. Mistari yake iliiva. Mzee Gachoki alikuja asubuhi hiyo na fimbo yake, akasimama kwenye njia, akauliza ya Wanja apewe nani. Kabla sijafikiri nilikuwa nimeshaingia ndani ya mistari hiyo. Nilichuma yangu, kisha nikachuma yake. Vikapu viwili, nilipanda navyo kituoni kimoja kimoja. Usiku vidole vyangu havikukunjika kushika kijiko.

Aliporudi nyumbani, habari zilikuwa zimeshatangulia. Mama yake Njiru aliambia kila mtu ni kikapu, na watu walijibu ndiyo, ni kikapu, kwa namna ya watu wanaokubaliana kuhusu mvua. Lakini hakuna aliyepeleka uji. Kwetu mwanamke akijifungua tunampelekea uji kwenye vibuyu, na aliyeangushwa na kikapu pia tunampelekea. Kwa Wanja siku zilipita na hakuna kibuyu kilichoonekana njiani.

Cucu Igoki aliongea kuhusu jambo hilo tukiwa mukimani, wakati wa mapumziko.

"Jioni leo tunaenda kwa Wanja. Ruguru, una wimbi?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Uji ni wa mtoto," Karimi alisema. "Cucu, tunapeleka uji wa mtoto gani?"

"Mtoto hanywi uji. Umewahi kuona mtoto wa siku moja akinywa uji wa wimbi? Anakunywa mama." Cucu alichomoa mwiba kwenye kidole chake kwa meno. "Wewe kaa. Sijakutaja."

Karimi aliinua kikapu chake akarudi kwenye mistari. Lakini jioni nilipokuwa nikipita kwake na kibuyu, alikuwa amesimama langoni na chupa ya maziwa. Alinipa bila kunitazama. "Ya watoto," alisema, akarudi ndani.

Wanja alikuwa ameketi nje, ameegemea ukuta, amejifunika shuka, mtoto wake mdogo amelala miguuni. Alikuwa amekonda mpaka masikio yake yalionekana makubwa. Cucu aliingia ndani kumsumbua mama yake Njiru kwa maneno mengi, makusudi, tukabaki wawili.

Niliweka mfuko karibu naye. Zilikuwa gambuti zake. Nilizisugua kwa majivu na kwa sabuni, nikaziacha juani, nikazisugua tena.

Alizitazama.

"Ulisema," aliniambia.

"Nilisema."

"Mbele ya Karimi."

"Ndiyo."

Akamimina uji kwenye kikombe mwenyewe. Alikunywa, akapumzika, akakunywa tena.

"Njiru anajua nini?"

"Njiru anajua kikapu."

Alivuta shuka juu ya mabega. Ng'ombe wa jirani alilia akitaka kukamuliwa. Sikumwambia kwamba sindano zimerudi dispensari, kwa kuwa hazina kazi naye tena. Nilijua nitalisema kwa wengine, mmoja mmoja, ndani ya mistari, kama nitaweza. Nilikuwa nimeshamwambia mmoja asubuhi ile. Alisema, "Kumbe wewe huongea," na akaendelea kuchuma, lakini baadaye aliniuliza dispensari hufunguliwa saa ngapi.

"Na mistari yangu?" Wanja aliuliza. "Nani amepewa?"

"Hakuna aliyepewa."

"Nani anachuma?"

Nilikunja vidole. Alichukua mkono wangu akaugeuza, akaangalia vidole, jinsi vilivyopasuka na kuwa vyeusi kwa utomvu wa majani. Hakusema asante na sikuitaka. Aliuweka mkono wangu chini pale alipoutoa.

"Ile ya karibu na mukima uchume mapema," alisema. "Huwa inakomaa haraka."

"Nitaanza na hiyo kesho."

"Na ufunge karatasi mbili. Hiyo yako ina tundu."

Kisha akafumba macho, amechoka, nami nikakaa naye mpaka Cucu alipomaliza maneno yake huko ndani.